Mkulima wa miti apewe ramani, si wastani

Huku Mufindi tumezoea kuuza miti ikiwa imesimama. Mnunuzi anazunguka ukingoni mwa shamba, anakagua mistari ya mbele, anataja bei ya jumla, na mwenye shamba aliyebanwa na ada za watoto anakubali. Kazi yangu ni kupima misindano, na linaloniuma ni kwamba hata anayepimiwa hupewa jibu pungufu: wastani wa mita za ujazo kwa hekta, basi.

Chukua shamba la mteremkoni, lililopandwa lote mwaka mmoja. Bondeni, kwenye udongo mzito usiokauka upesi, nazungusha tepu kwenye shina mita 1.3 kutoka ardhini na kupata kipenyo cha sentimita 30. Urefu mita 24. Juu kwenye changarawe, mwenzake ana sentimita 20 na mita 17. Kwa kigezo cha umbo cha 0.45, kwa kuwa shina hukonda kuelekea juu, wa bondeni una mita za ujazo 0.76 na wa juu 0.24. Hiyo ni zaidi ya mara tatu! Wastani wao ni mti usiopo shambani.

Tofauti hizi hazikutawanyika ovyo. Ukiacha miti iliyobanana mno ikanyang'anyana mwanga, mti mnene kwa kawaida una majirani wanene, kwa kuwa udongo na maji ni yaleyale. Bertil Matérn, mwanatakwimu wa misitu wa Sweden, alilichambua jambo hili katika tasnifu yake ya mwaka 1960. Kabla yake, mwaka 1951, Danie Krige wa Afrika Kusini alikadiria dhahabu ya Witwatersrand kwa kutumia sampuli za jirani. Nasi tunaweza: tunapima ploti za duara, kila moja ikiandikiwa mahali pake kwa GPS, kompyuta inakokotoa jinsi kufanana kunavyopungua kadiri umbali unavyoongezeka, kisha inakadiria sehemu zisizopimwa. Tena inaonyesha palipo na shaka kubwa, ili turudi tuongeze ploti hapo hapo. Kwangu hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote.

Kwa ekari moja au mbili, pima kila mti. Modeli ya nini? Lakini mashamba makubwa, na vishamba vya wanakijiji vinavyopakana, vinaihitaji. Programu ya R, inayoweza kufanya hesabu hizi, haiuzwi. Kinachokosekana ni utaratibu: fomu nyingi za vipimo nilizojaza hazina hata nafasi ya kuandika ploti iko wapi.

Halmashauri zinazokusanya ushuru wa mazao ya misitu zitenge sehemu yake kuwalipa wapimaji wa vyama vya wakulima, na ramani ikabidhiwe mwenye shamba kabla ya mnunuzi kufika. Akiwa nayo, anaweza kuuza bonde mwaka huu kwa bei ya bonde, na miti ya juu akaiacha inenepe kwanza.