Swali la Ukoo Nalo ni Kipimo

Mwanamke anapofika kliniki akiwa na uvimbe kwenye titi, huulizwa mengi: uvimbe ulianza lini, unauma au hauumi, amezaa mara ngapi. Swali kuhusu ukoo wake, likiulizwa, mara nyingi huishia kwa mama na dada, na jibu huandikwa kwa neno moja: hakuna. Kazi ya Mary-Claire King, mwanajenetiki wa Marekani, inaonyesha kwamba swali hilo linastahili nafasi kubwa zaidi.

King alipoanza utafiti wake katika miaka ya 1970, wataalamu wengi waliamini kuwa saratani ya matiti ina visababishi vingi mno hata jeni moja isiweze kuileta. Yeye alishikilia kwamba zipo koo chache ambamo jeni moja hutosha. Mwaka 1990, yeye na wenzake walitoa matokeo ya familia 23 zilizokuwa na wagonjwa 146. Familia zote zilipochanganywa, ushahidi haukuwa wazi. Zilipopangwa kwa umri ambao wanawake walianza kuugua, zile za waliougua wakiwa vijana zilielekeza sehemu moja ya kromosomu ya 17. Jeni iliyokuwa hapo iliitwa BRCA1, na mwaka 1994 kundi jingine la watafiti likafaulu kuitenga.

Jeni hiyo ni mlinzi. DNA iliyomo ndani ya seli hupata majeraha kila siku, na miongoni mwa yaliyo mabaya zaidi ni kukatika kwa nyuzi zake zote mbili. Protini ya BRCA1 husaidia kuunga mkato huo kwa usahihi. Mtu huzaliwa na nakala mbili za jeni hiyo; aliyerithi moja yenye kasoro bado anayo nyingine nzima. Ikiharibika hiyo nayo ndani ya seli ya titi au ya ovari, makosa hurundikana na saratani huweza kuanza. Kwa hiyo kinachorithiwa si saratani yenyewe, bali ni upungufu katika ukarabati. Udhaifu huohuo umegeuzwa kuwa tiba: dawa kama olaparib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2014, huiziba seli ya saratani njia nyingine ya kujikarabati, nayo hufa.

Wapo wanaosema kwamba kuuliza habari za ukoo pasipo uwezo wa kupima jeni ni kumtia mgonjwa hofu bure. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa kipimo hicho ni ghali na vituo vingi havinacho. Lakini jibu zuri lina faida hata kabla ya maabara. Mdogo wa mwanamke aliyeugua akiwa na miaka 35 anaweza kuanza kuchunguzwa mapema na kupewa rufaa, badala ya kusubiri uvimbe.

Ili jibu liwe zuri, swali halina budi kuulizwa vizuri. Mwanamume mwenye kasoro hiyo humrithisha kila mtoto wake kwa uwezekano wa nusu kwa nusu, hivyo shangazi na bibi mzaa baba wana uzito sawa na mama mkubwa na bibi mzaa mama. Katika familia zetu, anayeitwa dada huenda akawa binti wa baba mdogo, na anayeitwa mama akawa mama mdogo. Mhudumu na aulize nani kamzaa nani. Tena ugonjwa wenyewe huenda haukuitwa saratani. Huenda ulisemwa kuwa ni kidonda cha titi kisichopona, au tumbo lililojaa maji. Na aulize pia kila mmoja aliugua akiwa na umri gani, kwa maana umri ndio uliofumbua fumbo mwaka 1990.

Mgonjwa naye asijilaumu wala asiwalaumu wazazi wake; hakuna achaguaye jeni. Na ambaye ukoo wake hauna mgonjwa asijione salama, kwani takribani wagonjwa 90 kati ya 100 wa saratani ya matiti hawakuirithi.

Dakika kumi za mazungumzo, kalamu na karatasi vyatosha kuchora ukoo wa vizazi vitatu. Kituo kisicho na maabara ya jeni kinaweza kuanza na hilo leo.