Binti Yako Akienda Kujifunza Ususi

Kila mwaka mitihani ya shule ikiisha, wazazi hunijia ofisini kwa parokia kutaka cheti cha ubatizo cha binti yao na barua ya kumtambulisha mjini. Nikiuliza, "Aenda kufanya nini?" hujibu, "Aenda kujifunza ususi kwa mama fulani." Nikiuliza tena, "Mmepatana nini na huyo mama?" hapo mzazi hutazama dari. Basi juma hili tuseme habari za kazi hiyo, mpate kujua binti yenu atakuta nini huko saluni.

Kwanza niondoe dharau. Wako wasemao kwamba kusuka si kazi ya kujifunza, kwa kuwa kila mwanamke ajua kusuka chini ya mwembe. Hasha. Kumsuka mdogo wako twende kilioni siku ya Jumamosi ni jambo moja. Kumsuka mgeni anayelipa, mwenye haraka na maneno mengi, ni jambo jingine kabisa. Tena isidhaniwe ni kazi ya watu duni. Pierre Toussaint alizaliwa mtumwa huko Haiti, wakati nchi hiyo ilipokuwa koloni la Wafaransa. Alipopelekwa New York akawekwa kwa msusi ajifunze, akawa fundi wa mabibi matajiri wa mji ule, na kwa fedha ya vitana alimtunza hata bibi aliyekuwa bwana wake. Alifariki mwaka 1853, na mwaka 1996 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mstahili Heshima.

Sasa, binti asitazamie kushikishwa kichwa cha mtu siku ya kwanza. Majuma ya mwanzo atafagia nywele, atachota maji na kuyapasha moto, atafua taulo. Halafu atapewa kufumua. Wengi huchukia kufumua, maana rasta za miezi miwili humaliza saa nzima na zaidi, na vidole huuma. Lakini mimi nasema kufumua ni shule. Hapo ndipo mwanagenzi huona nywele zimekatikia wapi na kwa sababu gani. Aghalabu zimekatika kwenye panja, kwa kuwa aliyesuka alivuta mno apate kusifiwa kwamba kazi yake yakaa. Nywele zikivutwa hivyo kila mara, shina hufa, wala hazioti tena.

Baada ya hapo huja kuosha, na kuosha ni kwa ncha za vidole, si kwa kucha. Kisha kuchambua rasta, kisha kumsaidia fundi upande mmoja wa kichwa naye akiwa upande wa pili. Kugawa mistari huchelewa kuja, maana mstari ukipinda kichwa chote kimepinda. Mwishoni ndipo huja dawa.

Juu ya dawa lazima nikae kidogo. Dawa nyingi za kulainisha nywele zina soda kali, ile ile itumikayo kutengeneza sabuni. Huvunja viungo vya ndani vya unywele, ndipo unywele hunyooka. Kitu kiwezacho kufanya hivyo kwa unywele chaweza kuunguza ngozi pia. Kwa hiyo mwanagenzi apaswa kufundishwa kupaka mafuta ya mgando kuzunguka paji la uso na masikio, kuvaa glavu, kuhesabu dakika kwa saa wala si kwa kukisia, na kumkatalia mteja aliyejikuna au mwenye kidonda kichwani. Halafu maji mengi, na sabuni ya kuzima dawa. Tena uchunguzi uliotolewa Marekani mwaka 2022 uliona kwamba wanawake waliotumia mara nyingi dawa za kunyoosha nywele walipata saratani ya mfuko wa uzazi zaidi ya wale wasiotumia. Basi mzazi anayeuliza kama saluni ina glavu na madirisha ya kufunguka hafanyi ushamba.

Vitana navyo vina mambo yake. Mapunye huambukizwa kwa kitana, kwa taulo na kwa mashine ya kunyolea. Vyombo vioshwe kwa sabuni, kisha viloweshwe katika dawa ya kuua vijidudu. Wembe ni mmoja kwa mtu mmoja, kisha utupwe. Fundi akimcheka mwanagenzi kwa kufanya hivi, mtafute fundi mwingine.

Miguu itavimba, mgongo utauma. Mkesha wa Noeli na wa Pasaka, na Jumamosi zenye harusi, wateja watakaa mpaka usiku. Je, binti yako atalala wapi siku hizo, na ni nani atakayemsindikiza?

Sasa niwaambie jambo la aibu yangu. Miaka kadhaa iliyopita dada yangu aliniomba nimtafutie binti yake mahali pa kujifunza. Mimi ni mtu wa chuo cha ualimu, nawaandikia barua watu wa vijiji vyote hivi. Nikaenda mjini, nikaona saluni yenye vioo vikubwa, fundi ni mama mchangamfu. Nikampa ada, tukapeana mikono, nikanywa soda, nikarudi. Karatasi sikuandika. Baada ya miezi kumi na mmoja nikapita bila kutoa habari. Mpwa wangu sikumkuta saluni. Nilimkuta nyuma ya nyumba ya yule mama, mbele ya beseni, afua sare za watoto wa fundi. Nikarudi naye nyumbani. Alipomsuka binti yangu mdogo, mistari ilikwenda kama njia ya mbuzi. Nikamwuliza kwa nini hakutuambia. Akajibu, "Mjomba, si ulisema nimtii kama mama yangu?"

Ada haikurudi. Dada yangu hakunigombeza hata kidogo. Aliniuliza tu, "Ulipatana naye nini?"

Kwa hiyo nawasihi, andikeni. Nusu ukurasa yatosha. Muda wa kujifunza ni miezi mingapi. Ada ni kiasi gani. Hiyo ada yanunua mafunzo gani, na kufikia mwezi upi. Nani atanunua vitana, sindano na uzi. Atakula na kulala wapi. Kazi za nyumbani ni zipi, zisiachwe hewani. Akianza kuhudumia wateja peke yake, atapata fungu gani. Siku ya kupumzika ni ipi, na kama Dominika ataachiwa nafasi ya kwenda Misa. Binti mwenyewe awepo mnapoyasema haya, kwani ni yeye atakayekaa nayo. Mtie sahihi ninyi, fundi na binti, na mjumbe awe shahidi. Tena kumbukeni kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hairuhusu kumwajiri mtoto asiyetimiza miaka 14. Mwiteni mwanagenzi au mwiteni mgeni, mtoto mdogo bado ni mtoto mdogo.

Kadhalika yuko anayedhani kwamba binti wa saluni hatapata cheti kamwe. Sivyo. Mamlaka ya ufundi stadi, yaani VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kuwapima watu waliojifunza kazi mtaani na kuwapa cheti wakifaulu. Ulizeni katika chuo chao kilicho karibu nanyi.

Mpwa wangu alianza upya kwa fundi mwingine, safari hii kwa karatasi. Leo ana banda lake karibu na soko. Juma lililopita alinijia ofisini pamoja na msichana wa kijiji cha jirani na mama yake, akasema, "Mjomba, tuandikie." Nikaandika muda, ada, chakula na mengineyo. Nilipotaka kuweka kalamu chini, akanizuia. "Bado moja. Andika kwamba nguo za nyumbani kwangu nitafua mwenyewe."