Meli Ikitia Nanga, Mgeni Aende Wapi?

Ndugu waamini, nanyi viongozi wa halmashauri walei na wa jumuiya ndogo ndogo,

Meli itokayo Mwanza kwa desturi huvuka ziwa usiku, hupitia Kemondo na kufika Bukoba asubuhi. Jioni hung'oa nanga kurudi. Abiria anayekusudia kurudi nayo ana mchana mmoja tu wa kukaa nchi kavu. Kwaya, vyama vya kitume na wageni wa mbali hutuuliza swali lile lile: twende wapi kwa saa hizi chache? Swali hilo huonekana kuwa la starehe tu. Kwangu ni swali la haki, kwa maana miguu ya mgeni ikielekea mahali, fedha yake huelekea huko huko.

Wengi hupendelea kukodi gari, kuzunguka mji na vijiji vya jirani, na kutazama kila kitu dirishani. Sikatai kwamba mzee au mgonjwa anahitaji gari. Naye anaweza kupelekwa hadi kanisa la kale la Bunena, akakaa kivulini na kulitazama ziwa. Lakini kwa wenye nguvu, safari ya dirishani humfaidi mwenye gari peke yake. Mama anayepalilia migomba hupigwa picha bila kuulizwa, na gari hutoweka kabla hajasalimiwa.

Wengine hutamani kuvuka hadi kisiwa cha Musira, kinachoonekana mbele ya mji. Ni matembezi mazuri, na wavuvi wa huko wanastahili kupata riziki kwa wageni. Hata hivyo, ziwa letu limetufundisha kwa machozi. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu wetu walipotea. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ilianguka majini karibu na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43. Waliofariki walikuwa 19, na wavuvi walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kufika kuokoa. Kwa hiyo kiongozi wa kundi asikubali mtumbwi uliojaa kupita kiasi, wala usio na jaketi okozi kwa kila abiria, hata kama nauli yake ni ndogo. Tena awaonye wenzake kuhusu kuoga penye matete na maji yaliyotuama, kwa sababu ya kichocho.

Chaguo ninalolitetea ni matembezi ya miguu chini ya uongozi wa mwenyeji. Huko Katuruka, eneo la Maruku, wazee walitunza kwa vizazi vingi masimulizi ya mfalme Rugomora Mahe. Katika miaka ya 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt, akiongozwa na masimulizi hayo, alichimbua mabaki ya uyeyushaji wa chuma wa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Baadaye wanakijiji wenyewe walishughulika kupahifadhi na kupokea wageni. Au mgeni aingie katika kibanja, aone jinsi mibuni inavyomea chini ya migomba, kisha avuke rweya akisimuliwa matumizi ya nyasi zake. Hapo mwenyeji si pambo la picha, bali ni mwalimu, na mwalimu hulipwa.

Wale wenye siku kadhaa wanaweza kufika Kamachumu, wilayani Muleba, au Hifadhi ya Burigi-Chato iliyotangazwa mwaka 2019. Asiwepo wa kuwadanganya abiria wa siku moja kwamba watamudu huko na kuiwahi meli.

Huenda mtu akasema: mgeni amelipia raha yake, kwa nini tumtwishe mizigo ya haki? Nami najibu kwamba hatumtwishi chochote. Sisi ndio tunaomshauri, na ushauri wetu ndio unaoamua ni nani atakayepata ujira jioni hiyo. Tukimpeleka kwa ndugu zetu tu, au kwa yule anayetupa bahasha, tumeuza ugeni wake.

Basi napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila parokia inayopokea makundi iwe na orodha ya waongoza wageni wanaofahamika, vijana kwa wazee, wanaume kwa wanawake, wapokezane zamu. Pili, malipo yatajwe mbele ya wote kabla ya kuondoka, na yafike mkononi mwa aliyefanya kazi. Tatu, wageni waombwe kuomba ruhusa kabla ya kupiga picha, na wasiwarushie watoto sarafu barabarani. Mtoto akizoea kuifukuzia sarafu, atakimbia shule siku ya meli.

Naomba halmashauri zilijadili jambo hili katika kikao kijacho, na majina ya waongoza wageni yaanze kuandikwa hapo hapo.