Kihisi cha sukari: Raha ya sekunde moja, taka ya nani?

Tusidanganyane, kujidunga kidole kila siku si mchezo. Mtu anayetumia insulini anaweza kujidunga mara nne au zaidi kwa siku ndiyo ajue sukari yake imepanda au imeshuka. Ndiyo maana kile kidude cha duara ambacho watu hubandika nyuma ya mkono kimepata mashabiki. Ni kihisi cha sukari. Kinapima majimaji yaliyo chini ya ngozi na kutuma matokeo kwa simu, usiku na mchana.

Kukibandika ni rahisi ajabu. Kinakuja ndani ya kifaa cha plastiki chenye springi na sindano. Unakiweka mkononi, unasukuma, ta! Sindano inaingia, inaacha uzi mwembamba chini ya ngozi, kisha inarudi ndani. Kazi imeisha. Na kile kifaa cha kubandikia, kilichofanya kazi sekunde moja tu, kinaenda wapi? Kwa pipa.

Sasa piga hesabu. FreeStyle Libre 2 hukaa siku 14, kwa hivyo mtu mmoja anatupa vihisi 26 na vifaa vya kubandikia 26 kwa mwaka. Dexcom G7 ya siku 10 inapita 36. Na si plastiki tu. Ndani ya kila kihisi kuna betri na saketi. Kinachochoka mapema ni ule uzi wenye kemikali na ile gundi. Saketi haizeeki kwa wiki mbili. Lakini vyote vinatupwa pamoja.

Hapa kuna jambo ambalo matangazo hayasemi. Dexcom G6 ilikuwa na kipeperushi, yaani kile kipande kinachotuma habari kwa simu, ambacho unakitumia miezi mitatu huku ukibadilisha kihisi peke yake. G7 ilipokuja, vyote vikawa kitu kimoja cha kutupa. Medtronic nao walikuwa na Guardian, ambayo kipeperushi chake unakichaji na kifaa cha kubandikia unakitumia tena. Simplera yao mpya? Yote ni ya kutupa. Vifaa vimekuwa vidogo, ni kweli, lakini sehemu ya elektroniki iliyokuwa ikidumu sasa inatupwa kila mara.

Kabla hujawarukia watengenezaji, elewa kwa nini walifanya hivyo. Mtoto wa shule, mzee ambaye mikono inatetemeka, mtu ambaye kisukari kimemharibu macho, wote hawa wanateseka kuunganisha vipande vitatu. Kuwaambia wavumilie ili mazingira yapone ni uonevu. Na si lazima urahisi ulete taka. Libre 2 ulikuwa unaiunganisha mwenyewe kwanza. Libre 3 inakuja tayari, na ni ndogo zaidi. Hapo mgonjwa alipata nafuu na plastiki ikapungua.

Kwa maoni yangu, dawa ya kwanza ni siku. Mwaka wa 2025 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliidhinisha Dexcom G7 ya siku 15 kwa watu wazima. Kutoka siku 10 hadi 15, vihisi vinashuka kutoka 36 hadi 24 kwa mwaka. Theluthi moja ya taka imetoweka, na mgonjwa hajaongezewa kazi yoyote. Eversense 365, iliyoidhinishwa 2024, inakaa mwaka mzima, ila lazima daktari akupasue kidogo akiweke chini ya ngozi, na juu yake unavaa kipeperushi cha kuchaji. Si ya kila mtu, lakini inaonyesha kwamba wiki mbili si amri ya Mungu.

Kwa Mkenya, siku ni pesa pia. Wengi wananunua vihisi kutoka mfukoni. Kihisi kikikaa muda mrefu bila bei kupanda vivyo hivyo, mfuko unapumua na jaa linapumua.

Dawa ya pili ni sheria, na hiyo tunayo. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inasema anayeleta bidhaa sokoni awajibike hata baada ya bidhaa hiyo kutumika. Nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki 2017 haiwezi kusema hii ni ngumu. Mwagizaji wa vihisi anaweza kuweka kisanduku kwa kila kemisti anayemuuzia, watu warudishe. Bila hivyo, sindano na betri zitaishia Dandora, mbele ya vijana wa rika letu wanaookota taka bila glavu. Sindano imejificha ndani ya plastiki, sawa, lakini plastiki ikivunjwa inatoka.

Kwa sasa, kama wewe au mtu wa kwenu mnatumia hivi vitu, wekeni kifaa cha kubandikia ndani ya mkebe mgumu wenye kifuniko, kisha mpeleke hospitali inayopokea sindano zilizotumika. Na siku ya kununua kingine, muulize kemisti swali moja: hiki kikiisha, nakirudisha wapi? Akiulizwa na mmoja atacheka. Akiulizwa na ishirini, atampigia simu anayemletea.