KOBE ANAPOHAMIA MILIMANI

Mke wa askari mmoja wa hapa Bujumbura ametuandikia kwamba mumewe amepewa uhamisho wa Gitega, na watoto wamekataa katakata kumwacha kobe wao waliyemlea uani tangu akiwa mdogo kama kisosi. Anauliza: je, atasalimika katika baridi ile? Swali hili lawahusu wengi, kwa maana tangu mwaka 2019, Gitega ilipofanywa mji mkuu wa kisiasa, jamaa kadha wa kadha za askari na watumishi wa serikali zimeshika njia hiyo hiyo.

Yafaa kwanza tufahamu kwamba kobe hana moto wa mwilini kama tulio nao sisi. Joto lake hulipata nje: juani, ardhini, kwenye jiwe lililopigwa na jua. Asipopata joto la kutosha, chakula hakisagiki tumboni, naye hukaa siku nyingi kana kwamba amelala. Hapa Bujumbura, mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari, wastani wa joto ni digrii 24 mwaka mzima, hivyo hatuna haja ya kumpasha moto. Shida yetu ni kumpa kivuli. Kumfungia katika boksi la bati wakati wa mchana ni kumwoka akiwa hai.

Vivyo hivyo katika kisiwa cha Changuu, karibu na mji wa Unguja. Makobe wakubwa walipelekwa huko kutoka Shelisheli mwaka 1919, na wazao wao wapo hadi leo bila taa wala jiko, kwa kuwa hewa ya pale ina joto na unyevu kama ya kwao.

Gitega ni jambo jingine. Mji huo upo mita 1,500 hivi, na kila tupandapo mita 1,000 joto hupungua kwa digrii 6 hivi. Usiku wa mwezi wa Julai ni mkali huko. Kobe wa nchi zenye joto apaswa kuwa na pembe ya kuotea moto yenye digrii 32 hadi 35 mchana, pembe nyingine yenye 25 hivi ili achague mwenyewe, na usiku joto lisishuke sana chini ya 20.

Basi mtengenezeeni kizimba cha mbao ndani ya nyumba, chenye urefu wa mita moja na nusu au zaidi. Upande mmoja ning'inizeni balbu ya wati 60 au 100, sentimita 40 hivi juu ya gamba, ifungwe kwa mnyororo au waya imara. Uzi huungua, na balbu ikiangukia majani makavu nyumba nzima yaweza kuteketea. Wekeni kipimajoto chini, pale anapokaa kobe mwenyewe. Jua likitoka, mpelekeni nje. Jua lipitalo katika kioo cha dirisha halimtoshi, kwa kuwa kioo huzuia ile miale iutengenezayo mwilini uimara wa mifupa na gamba.

Umeme ukikatika, jazeni maji ya moto katika bidoni, mzifunge kwa blanketi kuukuu na kuziweka pembeni mwa kizimba. Hudumu saa kadhaa. Lakini jiko la makaa lisiingizwe kabisa katika chumba kilichofungwa! Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua kobe, watoto na wazazi katika usiku mmoja.

Sasa unyevu. Wengi hudhani kobe hupenda ukavu tu. Mwaka 2003 wachunguzi wa Vienna walilea makobe wachanga wa jamii itokayo kando ya Sahara, wakaona kwamba waliokaa katika hewa kavu ndio walioota magamba yenye vilima vilima. Wingi wa protini katika chakula ulikuwa na athari ndogo. Kwa hiyo mdogo apewe chungu kilichovunjika, kiinamishwe juu ya udongo wenye unyevunyevu na majani ya migomba, naye aogeshwe mara mbili kwa juma katika maji ya vuguvugu yasiyofika kidevuni.

Ila angalieni sana mpango huu: joto kwanza, unyevu baadaye. Udongo uliolowa katika chumba cha baridi ni mbaya kuliko ukavu wowote, maana huleta maradhi ya mapafu, na kobe hana uwezo wa kukohoa akatoa makohozi kama mtu. Mkiona mapovu puani, shingo imenyooshwa na kinywa wazi, ongezeni joto na kumwita daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Mwenye kuhamishiwa nje ya nchi aulize kibali mapema. Burundi imo katika mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama wa porini tangu mwaka 1988, na makobe wote wa nchi kavu wamo katika orodha zake.

Kuhusu safari yenyewe, mtieni katika katoni yenye matundu na nyasi kavu, akae ndani ya gari pamoja nanyi, wala si juu ya mizigo. Njia hupita Bugarama, palipo juu kuliko Gitega yenyewe, penye ukungu na upepo. Ondokeni asubuhi jua likishapanda, mpite pale kabla ya adhuhuri, na kizimba kiwe tayari kabla hamjafungua vyombo vingine.