Ukimya si kiburi, wala si ugonjwa

Katika kituo cha afya cha kijijini, sifa ya mtumishi huanzia kwenye ulimi kabla ya kufika mikononi. Huko Lalago, katika Wilaya ya Maswa mkoani Simiyu, kama ilivyo kwingineko Usukumani, mgonjwa aliyetoka mbali hutarajia kwanza salamu, tena salamu iliyotimia: mwangaluka ya asubuhi, kisha habari za nyumbani, za mvua, za mifugo na za pamba. Tabibu anayejibu kwa neno moja na kuinamia faili husemwa kuwa anaringa. Muuguzi anayekula peke yake akisoma kitabu huitwa mtu wa majivuno. Naye mgonjwa asiyesema mengi huandikwa kuwa hana malalamiko mengine. Hukumu hizi tatu hutolewa kwa wepesi, na mara nyingi zote tatu hukosea.

Wapo watu ambao maumbile yao huwaelekeza ndani. Hupenda kuzungumza na wachache kuliko wengi, hufikiri kwanza ndipo wanene, huchoshwa na mikusanyiko mirefu, na hupenda kulichambua jambo hadi kiini chake. Daktari wa magonjwa ya akili wa Uswisi, Carl Jung, aliieleza haiba hiyo na ile ya uchangamfu katika kitabu alichokichapisha mwaka 1921. Haiba ya undani si haya. Mwenye haya hutamani kusema lakini huogopa kuhukumiwa. Mkimya kwa haiba anaweza kusema bila hofu, ila haoni sababu ya kusema kila wakati. Wala si maradhi yanayohitaji dawa.

Hata hivyo, hadhari inahitajika. Kutokana na mawazo ya Jung, Wamarekani wawili, Katharine Cook Briggs na bintiye Isabel Briggs Myers, walitengeneza dodoso linalowagawa watu katika aina 16, na leo madodoso ya namna hiyo yamejaa katika simu za mkononi. Kasoro yake inajulikana: binadamu hawakugawanyika makundi mawili kama kondoo na mbuzi, kwani wengi wako katikati, na mtu akilijaza tena baada ya wiki chache anaweza kupewa aina nyingine. Zaidi ya hapo, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Science Advances, uliotumia takwimu za nchi zaidi ya 20 za kipato cha chini na cha kati, Kenya ikiwamo, ulionyesha kwamba maswali ya haiba yaliyobuniwa katika nchi tajiri mara nyingi hayapimi kile yanachodai kupima yanapoulizwa kwingine. Basi mtumishi asiyafanye majibu ya simu kuwa cheti cha kumwondolea wajibu, akisema, "Mimi nimeumbwa hivi." Haiba hueleza mwelekeo wa mtu, haimfungi.

Faida ya akili tulivu na chambuzi ni kubwa katika tiba. Ndiyo inayogundua kwamba homa ya mtoto imerudi mara tatu ndani ya mwezi mmoja, kwamba dozi iliyoandikwa hailingani na uzito, au kwamba dawa fulani huisha kabla ya mwezi kwisha. Tanzania ina mfano wake, ingawa si wa hospitali. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, aliona kwamba mchanganyiko wa aiskrimu uliowekwa kwenye jokofu ungali moto uliganda kabla ya ule uliopozwa. Alipouliza sababu alichekwa, na mwalimu akamwona amechanganyikiwa. Hakuliacha swali lake. Baadaye, akiwa Mkwawa, alimuuliza mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne, ambaye badala ya kucheka alikwenda kulipima. Mwaka 1969 waliandika makala kwa pamoja, na hadi leo wanafizikia wanaendelea kulijadili jambo hilo. Linalofaa kukumbukwa ni kwamba swali hilo lilihitaji watu wawili: mmoja wa kuling'ang'ania na mwingine wa kulisikiliza.

Hapo ndipo penye hatari katika kituo cha afya. Fikiria wodi ya wazazi usiku. Muuguzi mkimya anaona kwenye chati ya uchungu kwamba njia haifunguki kwa kasi inayotakiwa, na mapigo ya moyo wa mtoto yanabadilika. Mwenzake mwenye cheo na sauti kubwa amekwisha kusema kwamba mama asubiri. Muuguzi anafikiri, anahakiki, anafikiri tena, na saa inakwenda. Rufaa ya kwenda Hospitali ya Wilaya ya Maswa hupita barabarani, na kila dakika iliyopotea wodini hailipwi na mwendo wa gari. Wazo sahihi lililobaki kichwani halimwokoi mtu. Kwa hiyo ukimya huo si suala la tabia ya mtu peke yake. Ni suala la usalama wa mgonjwa.

Dawa yake si kuwalazimisha wakimya wawe wachangamfu. Dawa ni utaratibu unaompa kila mmoja zamu ya kusema. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ilijaribiwa katika hospitali za miji minane, Ifakara ikiwa mojawapo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Moja ya hatua zake ni nyepesi mno: kabla ya kupasua, kila aliyemo chumbani hutaja jina lake na kazi yake. Haiwezekani kudai kwamba hatua hiyo pekee ndiyo iliyookoa maisha. Lakini mantiki yake ni wazi: aliyekwisha kusikika mara moja huona wepesi wa kusikika mara ya pili.

Hakuna gharama inayozuia jambo hilo kufanyika Lalago. Mganga mfawidhi anaweza kuendesha makabidhiano ya zamu kwa kuzunguka, kila mtu aulizwe, "Una wasiwasi na mgonjwa yupi?", mdogo wa cheo akianza. Anaweza kupokea hoja kwa maandishi kabla ya kikao. Naye mkimya ana deni lake. Amsalimu mgonjwa kikamilifu, kwa kuwa Usukumani salamu ni sehemu ya uchunguzi. Anapofikiri, aseme kwamba anafikiri, ili mgonjwa asidhani amepuuzwa. Msibani aende, hata akikaa muda mfupi, kwa maana jamii humsamehe asiyecheza ngoma lakini si rahisi kumsamehe asiyezika. Na penye hatari ya uhai, aseme mara moja, kwa sauti, bila kungoja uhakika kamili.

Wengine watasema kazi ya tiba ni ya watu, hivyo wakimya wapelekwe maabara. Hoja hiyo haina mashiko kijijini, ambako mtumishi mmoja hutibu, hutoa dawa na kuandika ripoti. Tena humsahau mgonjwa, ambaye naye huenda ni mkimya.

Ukimya wa mgonjwa una sababu nyingi, na haiba ni mojawapo tu. Bibi asiyejibu huenda anajua Kisukuma zaidi ya Kiswahili. Binti huenda hawezi kutaja ugonjwa wa siri mbele ya mama mkwe, au mbele ya foleni inayosikia kila neno kupitia mlango ulio wazi. Mlango ufungwe, swali liulizwe, kisha mtoa huduma anyamaze na kungoja. Mgonjwa naye akumbuke kwamba mficha maradhi kilio humuumbua. Asiyependa maneno mengi aandike mambo matatu kwenye karatasi kabla ya kutoka nyumbani, au aende na ndugu anayemwamini.

Jambo moja lisichanganywe. Aliyekuwa mkimya tangu utotoni na bado anafurahia shamba lake, ng'ombe wake na wanawe, huyo ni mkimya tu. Aliyekuwa mchangamfu kisha akajifungia, akapoteza hamu ya yale aliyoyapenda, usingizi na chakula vikamwia vigumu kwa wiki mbili au zaidi, huyo apelekwe kituoni achunguzwe kama ana sonona. Akisema maisha hayana maana, apelekwe siku hiyohiyo, wala asiachwe peke yake.

Kituo kizuri si kile chenye watumishi wacheshi watupu. Ni kile ambamo mwenye sauti ndogo hupewa nafasi, naye akaitumia.