Wamama waliotangulia: Sophie Kanza

Wiki hii tunamzungumzia Mama Sophie Kanza, mwanamke wa kwanza kuwa waziri katika Kongo yetu.

Alizaliwa mwaka 1940 Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo. Wakati wa Wabelgiji binti Mkongomani alifundishwa zaidi kushona, kupika na kutunza nyumba. Masomo ya kufika mbali yalikuwa ya wavulana, na hata wao wachache. Kwa kina Kanza waliona vingine. Kaka yake Thomas alisoma chuo kikuu Ubelgiji, na mwaka 1960 aliiwakilisha nchi kwenye Umoja wa Mataifa. Sophie naye hakuachishwa shule ili aolewe. Mwaka 1964 alimaliza masomo ya sosholojia Lovanium, mwanamke Mkongomani wa kwanza kupata diploma ya chuo kikuu. Alikuwa na miaka 24.

Tarehe 31 Oktoba 1966 Mobutu akamteua waziri wa Mambo ya Jamii. Hapa tusimame kidogo. Katika uchaguzi wa Mei 1960 walipiga kura wanaume peke yao, na ni katiba ya 1967 iliyompa mwanamke haki ya kura. Basi Mama Sophie aliketi kwenye meza ya serikali wakati mama na nyanya zetu hawajagusa karatasi ya kura. Ilikuwa heshima kubwa, hatubishi. Lakini ilitoka kwa mtu mmoja, si kwa wamama.

Na sisi wa Kivu ya Kaskazini tunaijua hali hiyo. Desemba 2023 uchaguzi haukufanyika Masisi wala Rutshuru kwa sababu ya vita. Mwaka uliofuata nchi ikapata Waziri Mkuu mwanamke wa kwanza, Mama Judith Suminwa. Tulifurahi, na vigelegele tulipiga. Lakini wamama wa Masisi na Rutshuru, ambao tumegawana nao maji na kuni, hawakuwa wamechagua hata mbunge mmoja.

Kadi ya uchaguzi ndiyo kitambulisho chetu pia, na nyingi zilipotea katika kukimbia. Katika mkutano ujao, kabla ya likelemba, kila kikundi kiulize: nani hana kadi? Nani hakuandikishwa kabisa? Katibu aandike majina, atuletee orodha.